Siku nane kwenda Mkalama: daftari la shilingi na daftari la saa

Nimerudi Dar wiki tatu zilizopita. Haya nimeyaandika upya kutoka kwenye kijitabu changu cha safari na picha za simu, kwa hiyo siku nyingine zimejaa na nyingine ni mstari mmoja tu.

Kwanza niseme kwa nini nilikwenda Mkalama, wilaya ya mkoa wa Singida. Mwaka 2018 nilikuwa mdadisi katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Kazi yetu ilikuwa kuingia kijijini, kukaa na kaya zilizochaguliwa, na kuziachia daftari ambamo kwa siku 14 waliandika kila walichonunua na kila walichokula: chumvi ya 200, mafuta ya kupima, mtama uliotoka ghalani kwao. Baadaye madaftari ya nchi nzima yalijumlishwa, ukatangazwa mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ikaonekana Watanzania 26.4 katika kila 100 wako chini yake. Nilijivunia kazi ile na bado najivunia. Lakini kuna kaya mbili ambazo hazikunitoka akilini, kwa sababu nilichoandika daftarini na nilichokiona kwa macho havikuwa vinafanana. Mwaka 2025 nikachukua likizo yangu, nikaenda kwa hela yangu.

Kijiji sikitaji. Majibu ya wananchi kwenye utafiti ni siri kisheria, na siri hiyo sijaivunja. Yaliyomo hapa wenyewe wameniambia upya na wakaniruhusu niyaandike.

Siku ya 1, Jumatatu 8 Septemba: Dar hadi Dodoma

Treni ya umeme ya asubuhi, daraja la kawaida, shilingi 31,000. Baada ya Morogoro inaingia milima ya Kilosa na mahandaki yake, masikio yanaziba, watoto wanapiga kelele za furaha kila giza likiingia. Chini ya saa nne nilikuwa Dodoma. Mama yangu mzazi alipoolewa, njia hiyo hiyo aliipita kwa siku nzima na usiku juu yake.

Kwa atakayepita: kata tiketi siku kadhaa kabla, na usisahau kitambulisho. Fika stesheni mapema kuliko unavyofika stendi ya basi, maana kuna ukaguzi wa mizigo na geti halimngoji mtu.

Siku ya 2, Jumanne: Dodoma hadi Singida

Nilipanda basi stendi ya Nanenane, nauli 15,000. Bahi tukaipita, mibuyu imesimama mitupu bila jani hata moja. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Kabla ya kuupanda mlima wa Saranda tairi la nyuma likapasuka, na la akiba likakutwa halina upepo. Tulikaa kando ya barabara saa mbili na dakika arobaini.

Hapo ndipo nilipomfahamu mama mmoja mwuza asali aliyekuwa anarudi Manyoni. Aliniona nimejikunyata juani na begi langu, akavua kanga yake ya pili akaitandika chini ya mti, akaniambia, "Kaa hapa mwanangu, jua hili halina adabu." Alikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye kibeseni. Tulikula abiria sita, na hakuna aliyekubaliwa kulipa. Nilipomweleza ninakokwenda na kwa nini, alifikiri kidogo akasema: "Mimi ukiniuliza nina shilingi ngapi, nitakudanganya, maana sijui. Niulize mtoto akiugua usiku naamka nikaenda wapi. Hilo nalijua."

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu jambo hilo. Mwaka 1990 Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistani, akishirikiana na rafiki yake Amartya Sen wa India, aliushawishi Umoja wa Mataifa uanze kupima nchi kwa vitu vitatu kwa pamoja: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma kiasi gani, wana kipato gani. Kwa mtu wa kwetu aliyekulia kwenye hotuba za Mwalimu Nyerere, hilo si geni masikioni. Tangu Uhuru tuliambiwa maadui ni watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na umaskini haukuwa peke yake kwenye orodha. Ila kitabu hakikunifikisha pale alipofika yule mama wa asali, kwenye swali la mtoto na usiku.

Singida niliingia giza limeshatanda. Gesti 20,000, safi, maji ya ndoo. Kuku wa kienyeji na ugali, 7,000, na walionisifia kuku wa Singida hawakunidanganya.

Siku ya 3, Jumatano: Singida hadi kijijini

Gari dogo la abiria hadi Iguguno, 4,000, tumebanana wanane. Pale unaiacha lami ya Nzega, unashika njia ya Nduguti. Kutoka Iguguno nilichukua pikipiki, 12,000. Kijana aliniuliza naenda kwa nani, nilipomtajia akacheka: "Yule bibi wa senta? Yule ametuuzia maandazi sote." Tulipofika alikataa elfu mbili niliyomwongezea.

Kwa atakayepita: hela taslimu zitoe Singida. Mawakala wa pesa za simu kijijini wapo, lakini mchana huwa wameshaishiwa. Kabla hujamtembelea yeyote, piga hodi ofisi ya mtendaji wa kijiji, saini kitabu cha wageni, eleza ulichofuata. Nilikaa robo saa tu, na tangu hapo nilikuwa mgeni wa kijiji kizima. Zawadi iliyopokelewa vizuri kuliko zote ni sukari, majani ya chai na sabuni ya mche.

Kaya ya kwanza ni ya mjane. Mwaka 2018 alikuwa na watoto watatu, banda la maandazi na chumba kimoja cha tope. Daftari lake lilikuwa jembamba: unga, chumvi, dagaa wa 500 mara mbili kwa wiki. Alikuwa chini ya mstari bila ubishi wowote, na nilivyomkuta sasa, kwa shilingi naamini bado yuko chini. Hana shamba la maana, na biashara ya maandazi inapanda mavuno yakiwepo na kulala yakiisha.

Lakini senta imebadilika. Kichoteo cha maji kiko hatua 200 kutoka mlangoni kwake, niliihesabu njia kwa miguu yangu. Ndoo ni shilingi 50. Nguzo za umeme zimefika, na kwa sababu ada ya kuunganisha vijijini ni 27,000 aliweza kuidunduliza kwa miezi mitano, sasa ana taa moja na anachajia watu simu. Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Wakati ule alikuwa analipa 30,000 kwa mwaka ya mfuko wa afya ya jamii, na kaya yote ilikuwa inatibiwa kwa kadi moja. Ameiweka ndani ya Biblia.

"Dada," alisema akinimiminia chai, "njaa ya Januari bado iko pale pale. Sikufichi. Ila silali tena nikiwaza mtoto akipata homa."

Binti yake mdogo, niliyemwacha akiwa mtoto mdogo, alikuwa anafanya mtihani wa darasa la saba. Aliingia amevaa sare, akaniamkia, akakaa chini ya ile taa na daftari la hisabati mpaka tukalala.

Siku ya 4, Alhamisi: zahanati, halafu kwa mzee

Asubuhi nilikwenda na mjane zahanati, alikuwa anampeleka mjukuu kupimwa uzito. Muuguzi alikuwa mmoja na akina mama kumi na saba, wote wana kadi za kliniki. Niliwatazama nikikumbuka namba mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Kwa nchi ambayo mfuko wa mwananchi wa kawaida haukunenepa kwa kasi hiyo, huo ni ushindi mkubwa mno, na sioni tukiusimulia inavyostahili. Umetokea mahali kama pale, kwenye benchi la mbao, kwa mikono ya muuguzi mmoja aliyechoka.

Mchana nilitembea kwenda kwenye kitongoji cha mzee, kilomita tano za mchanga na miiba. Kaya hii ndiyo ya pili. Mzee ana ng'ombe zaidi ya 60, mbuzi hajui idadi, shamba la alizeti na la mtama. Mwaka 2018 daftari lake lilijaa maziwa, nyama, mtama wa kutosha na sukari kila siku. Alikuwa juu ya mstari kwa mbali. Kwa hesabu ya shilingi hakuwa maskini kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule binti wa daftari." Hakuwa anauliza. Akaagiza mbuzi achinjwe, nikaomba asichinjwe, akachinjwa.

Usiku, kwenye moto, mzee alinisimulia yaliyotokea Februari 2020. Mke wa mwanawe mkubwa alishikwa na uchungu mvua ikinyesha siku ya tatu mfululizo. Korongo lililo kati ya kitongoji na senta lilikuwa limefurika. Mzee alikuwa ametoka kuuza ng'ombe wawili mnadani, alikuwa na shilingi laki nane zimefungwa kwenye kitambaa. Vijana wa pikipiki walisimama ng'ambo ya maji, wakaitana kwa tochi, hawakuweza kuvuka. Mtoto alizaliwa alfajiri. Mama yake alivuja damu, akafariki jua likichomoza.

Mzee alinyoosha kiganja chake kwenye mwanga wa moto kama vile kile kitambaa bado kiko pale. "Hela hizi hapa, mwanangu. Ningemlipa nani?"

Yule mtoto sasa ana miaka mitano. Alikuwa amelala mapajani mwa babu yake, mdomo wazi, mkono umeshika shati la mzee.

Sikulala mapema. Nilikuwa nimekwenda na wazo kwamba kipato hakitoshi kumweleza mtu, na wazo hilo ni la kila anayesoma mambo haya. Pale motoni nililielewa kwa namna nyingine. Kuna vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinunua hata akiwa na hela. Daraja halinunuliwi na kaya moja. Muuguzi haajiriwi na kaya moja. Maji ya bomba, nguzo ya umeme na shule ya karibu huja kwa watu wote wa mahali au haviji kwa yeyote, na tajiri wa ng'ombe anaweza kukaa katikati ya mali yake akivikosa vyote, wakati mwuza maandazi hatua 200 kutoka kwenye bomba anavyo.

Siku ya 5, Ijumaa: maji

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri mjukuu wa kike wa mzee alinigusa bega. "Shangazi, tunakwenda." Ana miaka 14, yuko darasa la sita. Tulikuwa wanne: yeye, mama yake mdogo, jirani na mimi. Nilibonyeza saa ya simu.

Dakika 47 za kwenda, gizani, ndoo tupu zikigongana. Korongo lile lile lililofurika Februari ile sasa lilikuwa mchanga mtupu, mweupe chini ya mwezi. Kisima ni shimo walilochimba kwa mikono, lina kina cha mtu mzima aliyesimama, na ngazi mbili zimechongwa ubavuni. Mmoja anashuka na kata ya kibuyu. Maji hayapo yakingoja. Yanajikusanya. Unachota kata tatu, nne, kibuyu kinaanza kukwaruza mchanga, unasimama. Unasubiri mchanga utokwe na jasho tena. Juu, ndoo imefunikwa kanga ili maji yachujike, na kila kata ikimiminwa kanga inabaki na ute wa kahawia ambao jirani aliukung'uta kwa kidole bila hata kuutazama. Mbele yetu walikuwepo watu watano. Wakati wa kungoja hakuna aliyelalamika. Walizungumza harusi.

Binti alichuchumaa akaokota kijiti. Nilidhani anachezea mchanga, kumbe anagawanya: 864 kwa 12, kwa njia ndefu, mistari imenyooka. Alipomaliza akafuta kwa kiganja akaandika nyingine. Nikamwuliza kama anaweza kunifanyia hesabu yangu. Kwenda 47, kungoja saa moja na dakika 20, kurudi sijui.

"Kurudi weka 58," alisema. "Ndoo ikijaa mtu haendi mbio."

Ilikuwa 58 kamili. Jumla dakika 185, saa tatu na dakika tano. Akazidisha kwa 7 kabla sijamwambia. "Saa ishirini na moja na dakika thelathini na tano. Shangazi, hiyo si karibu siku nzima kwa wiki?" Na hiyo ni safari ya asubuhi tu. Jioni wanakwenda tena.

Tulifika nyumbani saa moja na dakika arobaini na tano. Alinawa miguu, akavaa sare, akashika njia ya shule, ile ile kilomita tano. Alifika saa tatu kasoro robo, vipindi viwili vimeshapita. Kaka yake wa miaka 11 hakwenda. Siku hizi anachunga, na mzee aliniambia hilo akitazama pembeni.

Kwa atakayepita: ukialikwa kwenda kisimani, nenda, na beba ndoo. Usibebe kamera mkononi watu wakiwa wamebeba maji kichwani. Picha niliyopiga ni ya shimo na kata, hakuna mtu.

Siku ya 6, Jumamosi: mahesabu na bibi

Kuna mizani iliyoanzishwa mwaka 2010 na watafiti wa Oxford pamoja na Umoja wa Mataifa, inaitwa umaskini wa nyanja nyingi. Inaangalia vitu kumi. Lishe na vifo vya watoto upande wa afya, miaka ya shule na mahudhurio upande wa elimu, na kila kimoja kati ya hivi vinne kina uzito wa 3 katika 18. Halafu nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba na vyombo vya kaya, kila kimoja 1 katika 18. Ukikosa vitu ambavyo uzito wake kwa jumla ni 6 au zaidi, unahesabiwa maskini. Kwa maji inauliza kama kwenda na kurudi kunachukua dakika 30 au zaidi.

Niliifanya kwenye kijitabu chini ya mti, lishe sikuipima. Mzee: kuni 1, choo 1, maji 1, umeme 1, sakafu ya udongo 1, mtoto asiyesoma 3. Jumla 8. Yuko ndani ya umaskini. Mjane: kuni 1, sakafu 1, vyombo 1. Jumla 3. Yuko nje.

Kwa hiyo watu wawili wamebadilishana nafasi kwa kubadilisha tu swali. Lakini sikufurahia kumwandika mjane kwamba si maskini, mtu anayejua Januari anakula mara moja kwa siku. Mizani hii nayo ina tundu lake pale penye njaa ya msimu. Na ule mstari wa umaskini wa Benki ya Dunia, uliopandishwa Juni 2025 kuwa dola 3 kwa siku, hauoni korongo. Naona lazima vishikwe vyote kwa pamoja, na anayeshika kimoja asijifanye ameona kaya nzima.

Mke wa mzee, bibi wa zaidi ya miaka 75, alinikuta nikikokotoa. Akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akasoma kwa sauti: "Ma-ji, mo-ja." Nilishtuka. Alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, darasa lao lilikuwa chini ya mbuyu, mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, walikuwa wanakusanyika kwenye redio moja ya kijiji, wanasikiliza kipindi, halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Chao alikichimba na mumewe. Akanipeleka kunionyesha mahali kilipokuwa, sasa ni kichuguu na mti wa mwarobaini.

"Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja wakati ule," alisema. "Lakini tulikuwa tunaitwa. Kila wiki tunaitwa. Njooni msome, njooni mchimbe, njooni mchanjwe." Kadi za kliniki za wajukuu wote anazisoma yeye, na ndiye aliyemwamuru mwanawe ampeleke mtoto wa marehemu chanjo zote bila kukosa hata moja.

Kabla ya kulala nilimpa yule binti saa yangu ya mkononi, ya bei ndogo, na daftari jipya. Nikamwomba, akipenda, aandike muda wa maji kila siku, kama babu yake alivyoandika sukari na maziwa mwaka 2018. Alichora mistari papo hapo: tarehe, kutoka, kurudi.

Siku ya 7 na 8: kurudi

Pikipiki, gari dogo, basi, treni, bila hitilafu yoyote. Mzee alinisindikiza mpaka korongoni na kuku wawili na kibuyu cha asali ambavyo sikuruhusiwa kukataa. Safari nzima, kwenda na kurudi, pamoja na malazi na zawadi, ilinigharimu shilingi 246,000.

Jumatatu iliyopita kijana wa pikipiki alinitumia picha kwa simu. Ni ukurasa wa daftari, penseli, mwandiko umelala kidogo kulia. Nimeukuza mpaka nikasoma mistari yote kumi na tano. Wa mwisho unasema: "Tarehe 28. Kutoka saa 10:15. Kurudi saa 2:20. Maji yamepungua, tumechimba tena."